Kwiga au Kuiga? Kuzisoma Kuta za Kigali

Mwaka 2013 lilianzishwa jijini Kigali kundi la sanaa ya hadharani lililojiita Kurema, Kureba, Kwiga. Kwa Kiswahili tungesema kuumba, kutazama, kujifunza. Mwanafunzi wa Kiswahili akikutana na jina hilo hujikwaa kwenye neno la tatu, kwa kuwa kwetu sisi kuiga ni kufuatisha afanyavyo mwingine. Wanyarwanda nao wana kitenzi cha maana hiyo, yaani kwigana. Maneno haya yanafanana sana kwa sauti, lakini kimaana yametengana. Tunadhani tofauti hiyo inafaa kuwa kipimo cha michoro ya kutani: je, mchoro unamfunza mtazamaji, au unamtaka afuatishe tu?

Tuanzie Kibagabaga, katika Wilaya ya Gasabo. Huu ni mtaa wa kilimani wenye hospitali na nyumba nyingi zilizozungushiwa kuta. Kuta za nyumba za watu kwa kawaida huachwa tupu. Mchoro tumezoea kuukuta kwenye ukuta wa shule, zahanati au ofisi, na hapo huwa umekuja na agizo. Ndiyo maana watu wanaposimama mbele ya mchoro, swali lao la kwanza huwa: unasema nini? Mara chache huulizwa umechorwaje.

Aina hiyo ya mchoro inajulikana Afrika Mashariki nzima: mama na mtoto chini ya chandarua, mikono miwili chini ya bomba la maji, na maneno ya kuamrisha pembeni. Hatuidharau kazi yake. Kundi tulilolitaja lilichora kuhusu unyanyapaa dhidi ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, na jambo hilo lilistahili kusemwa hadharani. Hata hivyo, amri iliyoandikwa kando ya picha humaliza mazungumzo kabla hayajaanza. Mtazamaji akishasoma maneno, picha haina kazi tena. Hupita kama aliyesoma tangazo.

Kuna watakaosema kwamba sanaa ya hadharani haina budi kuwa na ujumbe. Tunakubali, lakini ujumbe si lazima uwe amri. Mwaka 2012 Boniface Mwangi na wenzake walichora katikati ya jiji la Nairobi mwanasiasa mwenye kichwa cha tumbusi. Maneno yalikuwamo, na hasira ilikuwamo, lakini tumbusi aliyevaa suti alimlazimu mpita njia akamilishe fumbo mwenyewe: kama huyu ni tumbusi, mzoga ni nani? Hapo mtazamaji amejifunza, kwa sababu jibu amelitafuta yeye.

Rwanda yenyewe ina mfano wa zamani zaidi usiotumia neno hata moja. Imigongo ni sanaa ya eneo la Gisaka, mashariki ya nchi. Samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, hufinyangwa ukutani kuwa matuta yenye pembe kali, kisha hupakwa rangi, hasa nyeusi, nyeupe na nyekundu. Jina lake halihitaji mkalimani: imigongo ni migongo. Sanaa hii ilipamba kuta za ndani ya nyumba, na baada ya mwaka 1994 wanawake wa ushirika huko Nyakarambi waliihuisha. Haimwamrishi mtu. Jicho hufuata tuta, hupotea, hurudi.

Karibu na roho hiyo tunaiweka Biryogo, mtaa wa Waswahili wa Kigali. Tangu mwaka 2021 sehemu ya barabara zake ilifungwa kwa magari na lami ikapakwa rangi kali kwa maumbo makubwa. Watu huweka viti juu ya mchoro na kunywa chai. Mhakiki mkali atasema hilo ni pambo tu. Sisi tunaona kwamba mchoro unaokaliwa, unaokanyagwa na unaofifia kwa kutumiwa umepokewa na wenyeji kuliko ule unaosomwa mara moja na kusahaulika.

Kwa walimu wenzetu tunapendekeza zoezi jepesi. Wapelekeni wanafunzi mbele ya mchoro wowote ulio karibu na chuo, nao wayafunike maandishi yake kwa mkono au kwa daftari. Kisha waeleze kwa Kiswahili wanachokiona: rangi, mistari, nani amewekwa mbele na nani nyuma. Kama hakuna la kusema baada ya maandishi kufunikwa, basi ukuta huo ulikuwa tangazo. Kama maneno yanazidi kuja, hapo ndipo uhakiki unapoanza.