Asilimia 37 waliopata nafuu bila tiba
Mwaka 2008 mwanasaikolojia Frank Neuner na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio la Nakivale, makazi ya wakimbizi wilayani Isingiro, Uganda, karibu na mpaka wa Tanzania. Wakimbizi 277, Wanyarwanda na Wasomali waliougua kiwewe cha vita, waligawanywa kwa kura: kuna waliosimulia maisha yao hatua kwa hatua, kuna waliopewa ushauri nasaha, na kuna waliofuatiliwa tu. Washauri walikuwa watu wasio na taaluma ya tiba, waliopewa mafunzo mafupi. Mwishoni, ugonjwa haukuonekana tena kwa asilimia 70 ya kundi la simulizi na 65 ya kundi la ushauri.

Mimi nashughulishwa na kundi la tatu: asilimia 37. Hao walipata nafuu bila tiba. Kwa hiyo, ndugu afisa ustawi wa jamii, mteja akikwambia "sasa nalala", usijipe sifa bado.

Ushahidi hauhitaji watu 277. Unahitaji kuhesabu kabla ya kuanza tiba. Mama anayegutushwa na jinamizi atie punje moja ya maharage koponi kila asubuhi baada ya usiku mbaya; hata asiyejua kusoma anaweza. Kila Jumatatu mzihesabu pamoja, uandike daftarini hesabu na matukio ya wiki. Wiki tatu au nne za namna hiyo ndizo uti wa mgongo wa kazi yote, nasi huziruka kwa huruma, kwa kuwa mtu analia mbele yetu. Mwenye dalili za kujidhuru asingojeshwe hata siku moja.

Kusitisha tiba ili uone kama hali itarudi hakufai hapa. Katika tiba ya simulizi, mteja hulaza kamba iwe maisha yake, akaweka juu yake maua ya furaha na mawe ya uchungu; akishafanya hivyo hawezi kuisahau simulizi hiyo. Afadhali wateja watatu waanze kuhesabu pamoja, ila tiba waianze kwa kupishana: wiki ya 4, ya 6, ya 8. Punje zikipungua kwa kila mmoja baada ya zamu yake tu, tiba ina hoja. Zikipungua kwa wote wiki moja, tazama daftari: mgao wa chakula ulifika lini? Mvua je?

Na wale asilimia 30 ambao simulizi haikuwaponya? Wastani wa kundi huwaficha, kopo huwaonyesha mapema. Mteja wako mpya wa wiki hii, mpe kopo kabla ya kikao cha kwanza.