Neno "Jadi" katika Kurekodi Nyimbo: Uhakiki kutoka Louisiana hadi Mnyuzi

Sehemu hii inahakiki desturi iliyozoeleka katika taaluma ya fasihi simulizi, nayo ni kuuandika wimbo uliorekodiwa kuwa ni wa "jadi" na mtunzi wake kuwa hajulikani. Hoja yetu ni kwamba mara nyingi neno hilo halielezi asili ya wimbo, bali huonesha mahali ambapo mrekodi aliacha kuuliza.

Mfano unaofahamika zaidi unatoka Marekani. Mwaka 1933 John Lomax na mwanawe Alan walimrekodi Huddie Ledbetter, maarufu kama Lead Belly, akiwa mfungwa katika gereza la Angola, Louisiana. Miongoni mwa nyimbo alizowaimbia ni "Goodnight, Irene", ambao mwenyewe alisema aliupokea kwa wajomba zake. Mwaka 1950, miezi michache baada ya kifo chake, kundi la The Weavers liliuvumisha wimbo huo nchi nzima, na utunzi ukaandikwa kwa majina mawili: Ledbetter na John Lomax. Aliyebeba mashine akawa mtunzi. Wajomba wakabaki kuwa jadi.

Afrika Mashariki tunao "Malaika". Fadhili William aliurekodi Nairobi, ilhali wapo wanaoshikilia kwamba mtunzi ni Adam Salim wa Tanganyika. Mwaka 1965 Harry Belafonte na Miriam Makeba waliuimba katika sahani ya santuri ambayo mwaka uliofuata ilipata tuzo ya Grammy ya rekodi bora ya nyimbo za kienyeji. Hivyo wimbo wa kijana anayelalamikia kukosa fedha ya mahari, ambao watu walikuwa bado wakigombea utunzi wake, ukaingizwa katika fungu la nyimbo zisizo na mwenyewe. Makeba anauimba kwa utulivu wa kupendeza. Pengine ni uzuri huo uliowafanya wasikilizaji wasiulize.

Kosa hilo mtafiti alilitenda mwenyewe huko Mnyuzi, alipokuwa akirekodi nyimbo za harusi za Wazigua. Fomu ilikuwa na nafasi ya "mtunzi", naye akajaza "jadi" kabla kiongozi wa waimbaji hajamaliza kukohoa. Ni pale tu rekodi iliposikilizwa upya ndipo bibi huyo alipoinua mkono: "Hapo penye gari moshi ni pangu, mwanangu. Huko nyuma ni pa mama mkwe." Ubeti huo aliutunga baada ya reli ya kutoka Ruvu hadi Mnyuzi kufunguliwa mwaka 1963, mumewe alipoondoka kwenda Dar es Salaam kutafuta kazi. Waitikiaji walimuunga mkono, isipokuwa mmoja aliyedai kwamba neno moja la kiitikio ni lake. Wakabishana kwa muda mrefu kuliko wimbo wenyewe.

Katika jedwali la tasnifu hii, kwa hiyo, wimbo huo umegawanywa ubeti kwa ubeti, kila ubeti na aliyeutunga. Hata hivyo, kanuni za maadili ya utafiti zinaagiza majina ya watoataarifa yafichwe, na hapo mtafiti anajikuta amerudi palepale alipowakosoa akina Lomax. Bibi aliposomewa kanuni hiyo aliuliza: "Sasa jina langu likitoka, wimbo mtasema ni wa nani?" Ameomba jina lake liandikwe, na ombi hilo limewasilishwa. Hadi sura hii inakamilika, anatambulika kama M3.