Istiari ya Mamba katika Sauti ya Dhiki

Neno istiari lilitujia kutoka Kiarabu, na asili yake ni kuazima. Vitabu vya darasani husema kwamba sifa ya kitu kimoja huazimwa ikavishwa kingine, kisha mwanafunzi huambiwa amtafute mwazimaji na mwenye mali. Ufafanuzi huu wafaa kwa methali. Kwa utungo mzima hautoshi, na shairi la "Mamba" katika Sauti ya Dhiki (1973) ladhihirisha hivyo.

Abdilatif Abdalla aliitunga diwani hiyo alipokuwa kifungoni baina ya 1969 na 1972, kwa ajili ya waraka wake Kenya: Twendapi? Wasomaji wakishaijua habari hiyo humkamata mamba papo hapo: ni mtawala wa siku zile, basi. Mtunzi mwenyewe amewachochea, maana ubeti wake wa kwanza hutangaza fumbo na kuwaachia wawezao walifumbue.

Lakini na tumtazame mamba huyo. Hana meno. Hana magamba wala mkia, na hakuna anayenaswa majini. Alicho nacho ni majigambo, na imani kwamba ataishi dahari. Hizo si sifa za mnyama ye yote tumjuaye, ni za binadamu. Mwazimaji hapa ni mamba, na mwenye mali ni mtu. Ndiyo sababu, kwa maoni yangu, utungo unapokaribia mwisho humtaja mtu waziwazi, wala hatuhisi kwamba istiari imemponyoka mtunzi. (Beti za mishororo mitatu mifupi hazina nafasi ya maelezo mengi, ni kweli, lakini ufupi nao ulichaguliwa.)

Kilichosalia cha umamba ni mto tu. Na mtoni ndiko watu wote wanakoteka maji na kuvukia. Mshairi hasemi hivyo. Msomaji ndiye huwaona wale walio ukingoni. Kama mamba angekuwa ni Rais Kenyatta peke yake, shairi lingemaliza kazi yake mwaka 1978 alipofariki. Halikumaliza.

"Mnazi: Vuta N'kuvute", katika diwani hiyo hiyo, ni kisa kingine. Humo wawili wanabishana juu ya haki ya mti, na mti haugeuki mtu hata tukiwapa wabishani majina ya vyama. Usomaji tuliomfanyia mamba hauhamishiki huko bila ya kupimwa upya.