Filme za inchi yetu: nani anafanya kazi, nani anakufa tu?

Watu wakijua kama ninapenda sinema, wananiuliza kila mara: "Utupatie filme gani ya kuangalia wikendi?" Leo ninajibu mara moja, lakini kwa filme zenye kuzungumuzia Kongo tu. Zingine mutajipangia wenyewe.

Kipimo changu ni cha mtu wa agronomi. Ndani ya filme ninatafuta kazi. Mkongomani anafanya nini kwa mikono yake? Wanamwachia wakati wa kuimaliza? Ao anakimbia tu nyuma ya mgeni, anapigwa risasi, filme inaendelea? Musiseme ni kipimo kidogo. Watu wenye kupanga miradi ya maporomoko, ya pori na ya migodi wamekwisha kuona filme moja ao mbili kabla ya kushuka hapa, na siye wenyewe vilevile kuna sehemu za inchi yetu tunazozijua kwa filme tu.

Tuanze na ile mbaya. Congo ya 1995: gorila anazungumuza kwa mashine, kuna almasi, kuna volkano, na sehemu fulani walipiga picha Costa Rica. Gorila ule iko na maneno mingi kuliko Wakongomani wote. Kama umelala na homa na hauna nguvu ya kubadilisha, sawa.

The Siege of Jadotville (2016) iko na heshima kidogo zaidi. Jadotville njo Likasi yetu ya leo. Septemba 1961, askari wa Ireland wa Umoja wa Mataifa walizungukwa pale na jeshi la Katanga pamoja na mamluki wazungu. Walipigana mpaka risasi ziliwaishia, wakajitoa, na wote walirudi kwao wazima. Vita inapigwa vizuri, sikatai. Lakini picha zilipigwa Afrika ya Kusini, na Mkatanga wa kawaida anaanguka ndani ya majani kama mahindi yenye kuingiliwa na viwavi, bila jina. Mtu wa Likasi atatafuta mji wake ndani, hatauona.

Virunga (2014) ilifika mpaka kuteuliwa kwa Oscar, na ilistahili. Walinzi wa hifadhi, gorila yatima, waandishi wenye kurekodi kwa siri watu wenye kutaka petroli: ukianza haulali. Hapa mlinzi anafanya kazi kweli, na kazi ile inaua. Mimi ninabaki na njaa upande mmoja. Pembeni ya hifadhi ile ardhi ni ya volkano, yenye rutuba sana, na watu wenye kuilima ni wengi sana; ndani ya filme wanapita mbio. Bila wao, hautaelewa juu ya nini mtu anavuka mpaka wa hifadhi na jembe mkononi. Angalia, lakini ujue kama robo ya hadithi imebaki inje.

Mbili za kufurahia. La vie est belle ya 1987, na Papa Wemba kijana kabisa, mtu wa kijiji anayefika Kinshasa kutafuta muziki na anaanzia kwa kazi ya boyi. Wazazi wetu waliicheka, na siye tunaicheka. Viva Riva! ya Djo Munga (2010): Kinshasa haina esanse, Riva anaileta ya wizi toka Angola, na hapo kila mtu anataka kumuua. Iko na mbio na iko na kichwa, maana biashara ndani yake ni ya kweli: esanse ikikosa, kila mwenye kofia anakuwa mwenye duka. Namna inavyotendea wanawake inanichosha. Musiiangalie pamoja na mama.

Félicité ya Alain Gomis ilipata tuzo kubwa Berlin na FESPACO mwaka uleule, 2017. Mama mwimbaji wa baa, mtoto wake anapata aksida ya moto, hospitali inataka pesa kwanza. Nusu ya kwanza, pale anazunguka mji kuomba na kudai madeni, ni nzito kama jiwe. Nusu ya pili inatembea kwa ndoto, na wengi wenu mutasema imepotea. Mimi ninaitetea juu ya friji moja. Jirani anakuja kuitengeneza, inakataa, anarudi tena. Nani kati yetu hajaishi na friji ya vile?

Sasa Makala. Hapa ninachelewa makusudi.

Wenzetu wa Tanzania wanasema mkaa. Kwao makala ni andiko la gazeti. Basi hili ni andiko juu ya makala. Mfaransa Emmanuel Gras alifuata mtu mmoja, Kabwita Kasongo, wa kijiji kimoja upande wa Kolwezi. Anakata mti mkubwa kwa shoka, anapanga vigogo, anavifunika na udongo, anachoma, anajaza mifuko, anaifunga kwa kinga, na anasukuma kinga ile kilometa karibu 50 mpaka mjini. Anataka malata ya nyumba. Filme ni ile tu. Cannes, mwaka 2017, waliipatia tuzo kubwa ya Juma la Wahakiki. Na Kabwita anazungumuza Kiswahili chetu, njo maana siye tunaelewa mbele ya maandishi ya Kifaransa.

Ule mti unachukua dakika mingi kuanguka. Mtu mmoja niliyeiangalia naye aliomba tupeleke mbele. Nilikataa. Ku auditoire tulijifunza kama tanuru ya udongo inapoteza sana: kilo 100 za mti, mara nyingi haufikishi kilo 20 za makala. Tuliandika ile namba, tulifaulu nayo. Gras hatupatii namba hata moja, lakini ukiona mgongo wa Kabwita unaelewa kilo 80 zinaenda wapi, na unaelewa vilevile kama hakuna aliyemletea tanuru nzuri zaidi. Njiani malori yanampuliza vumbi, watu wenye nguvu kidogo wanamkata ushuru, na akifika Kolwezi, mji wa shaba na kobalti, wanunuzi wanabishana naye bei kama vile mfuko ulitembea wenyewe. Sisemi pori la miombo haliishi. Linaisha. Lakini siye njo tutaandika raporo juu ya "waharibifu wa pori", na bukari ya ule mwandishi wa raporo inapikwa na makala ya nani?

Iko na kasoro mbili. Muziki wa selo unaingia pale pumzi ya mtu ilitosha. Na kuna swali moja halinitoki: kwa kile kilima, Kabwita anasukuma, kamera nayo inasukuma nini? Watu wa filme wako pembeni yake, mikono yao inashika mashine. Wengine watajibu kama wangemsaidia, filme ingekuwa ya uongo. Inawezekana. Mimi ningependa kuona, hata kwa dakika moja, wanavyogawana naye maji.

Swali lile halinisumbui kwa Dieudo Hamadi, mtoto wa Kisangani. Yeye anapiga picha watu wa kwao. En route pour le milliard (2020) inapanda mashua pamoja na wenye kubaki vilema kwa vita ya siku sita ya Juni 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yakipigana ndani ya Kisangani. Wanashuka mto Kongo mpaka Kinshasa kudai fidia. Mvua inapiga hema usiku, mama mwenye miguu ya bandia anashikilia kamba, na mlangoni kwa wakubwa wanaambiwa wangoje. Miaka miwili baadaye, Februari 2022, Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 juu ya vita vyake kwetu. Ukiiangalia leo, ile namba inakaa ndani ya mashua pamoja nao.

Lakini kama muko na usiku mumoja tu, tafuteni Examen d'État, ya Hamadi vilevile, 2014. Wanafunzi wa Kisangani wanafukuzwa sababu hawakulipa prime ya walimu. Wanajikusanya ndani ya nyumba moja kusoma usiku, wanapeleka kalamu kwa mchungaji aziombee, na wengine wanatafuta majibu ya kununua. Hamadi hapigi kelele, hamtaji mwenye kosa. Anaonyesha tu kama hata wizi wa egzamini ni kazi: kuna mwenye kupanga, mwenye kuchanga, mwenye kukesha. Kila mmoja wetu mwenye diplome ukutani atamtambua mtu pale. Iangalieni pamoja na wadogo wenu wa sita ya sekondari, na muzime telefone.