Kuelea na Kuanguka

Tarehe 25 Aprili 2002, Mark Shuttleworth, raia wa Afrika Kusini, alirushwa kutoka Baikonur katika chombo cha Kirusi kiitwacho Soyuz, pamoja na Yuri Gidzenko na Roberto Vittori. Walisafiri siku mbili hata wakakifikia Kituo cha Anga cha Kimataifa, wakakaa humo siku nane hivi, wakarejea. Habari za safari kama hizi huandikwa mara nyingi, na mara nyingi hupambwa kwa sentensi moja: ati huko juu watu huelea kwa kuwa nguvu ya uvutano ya dunia imekwisha.

Sentensi hiyo yapendeza, lakini si kweli. Kituo kile huzunguka kilomita 400 hivi juu ya ardhi, umbali usiofika ule wa barabara ya Nairobi hadi Mombasa. Je, dunia iushikayo mwezi, ulio mbali kilomita 384,000, ishindwe kumshika mtu aliye karibu hivyo? Hasha! Katika kimo hicho nguvu yake yabaki karibu sehemu tisa katika kumi.

Kosa limejificha katika neno "kuelea". Mashua huelea kwa kuwa maji yaichukua. Tukiambiwa mtu aelea, twatafuta kinachomchukua. Tusipokiona, twadhani hakuna kimvutacho. Simlaumu msomaji. Namlaumu mwandishi, aliyekuwa na neno bora mkononi akaliacha. Neno hilo ni kuanguka.

Simama ukingoni mwa kilima hapa Tetu, uuelekee Mlima Kenya, utupe jiwe. Litakwenda mbele huku likianguka. Ongeza nguvu, nalo litaanguka mbali zaidi. Sasa lipe mwendo wa kilomita 28,000 kwa saa, juu kabisa ambako hewa haiwezi kulizuia: litaanguka vilevile, lakini ardhi nayo yajipinda chini yake, wala hawakutani. Hivyo ndivyo kituo kizungukavyo dunia kwa dakika 90 hivi. Chombo, mtu na kalamu yake vyaanguka pamoja; ndiyo maana kalamu haifiki sakafuni.

(Wengine humwita Shuttleworth mtalii, kwa kuwa alijilipia nauli, ingawa alifanya majaribio ya sayansi huko. Ubishi huo tuuache.)

Hata kurudi kwao hueleweka kwa neno hilohilo. Tarehe 5 Mei, wakiwa katika Soyuz nyingine, waliwasha injini kupunguza mwendo kidogo tu. Anguko lao likakutana na hewa, mwavuli ukafunguka, wakatua Kazakhstan.