Faida ya Mkonge Isomwe Shambani

Ndugu, wapo makada wanaodhani kampuni iliyopata faida jana itapata na kesho, basi yatosha kuichukua. Fikra hiyo tunaikosoa. Serikali ilipochukua hisa nyingi katika mashamba ya mkonge mwaka 1967, bei nono za 1963 na 1964 zilikuwa zimekwisha poromoka, na nyuzi za plastiki zilianza kuinyang'anya kamba soko lake. Tena mkonge hukatwa miaka kadhaa, hutoa mlingoti, hufa. Bepari asiyepanda mwingine huonyesha faida, kumbe anakula mtaji. Daftari la hesabu hulificha hilo. Mkata mkonge hulijua, naye ndiye wa kuulizwa kabla ya kukubaliana fidia.