Zidaka Chini ya Maji

Shemeji yangu hasemi "tumbawe hili limefunguka." Husema "huyu amefunguka." Mara ya kwanza nilidhani Kiswahili chake kimeanza kuchakaa kwa miaka mingi ya Rotterdam, nikamsamehe. Tumbawe ni mnyama, hilo tunafundishwa shuleni, lakini sisi watu wa pwani tumelizoea kama jiwe. Tumelivunja, tumelichoma tukapata chokaa, tumelijengea nyumba na misikiti, na sarufi ikatufuata huko huko. Yeye ana mwaka wa nne sasa anaotesha matumbawe laini kwenye ukuta wa nyuma wa tangi la kioo lililo sebuleni kwake, na kuliita "hili" hawezi tena.

Tangi lina urefu wa sentimita 120, upana 60 na kina 60. Kwa hesabu ni lita 432, pungufu kidogo ukitoa mchanga na mawe. Mgeni akiingia hutazama samaki, nao wapo, wachache, wanapitapita kama paka wa nyumba ambao hakuna anayekumbuka walikuja lini. Mwenyewe macho yake yako nyuma yao. Kule wenzake wengi huweka kioo kilichopakwa rangi nyeusi au buluu, basi, mambo yameisha. Kwake kuna ukuta unaopumua.

Ugumu wa kazi hii sikuuelewa mpaka aliponieleza kwa kiganja chake. Alikilaza, akasema hii ni sakafu: ukiweka jiwe linakaa kwa uzito wake, na taa iliyo juu inalimwagia mwanga moja kwa moja. Kisha akakisimamisha. Huu ni ukuta. Hakuna kinachokaa kwa uzito wake, na mwanga unaupitia ubavuni kama jua la saa kumi na mbili jioni. Juu kuna mwangaza mwingi, chini kiza. Maji nayo hupenda kutulia kwenye kona za nyuma, na yakitulia taka hushuka, na tumbawe lililofunikwa na taka huoza upande wa chini huku wa juu ukiendelea kukuchekea.

Yeye ni mzaliwa wa Lamu, na amekulia kwenye nyumba ya mawe yenye zidaka. Asiyezijua, ni vijishubaka vilivyopangwa safu kwa safu kwenye ukuta wa chumba cha ndani, vimesakafiwa kwa chokaa, vikiwekwa sahani, vyombo vya kaure na vitu vya thamani. Vyumba vile ni vyembamba kwa sababu upana wake umepimwa na boriti ya mkoko, ambayo haifiki mita tatu. Zidaka ndizo zilizokipa chumba kina, jicho likapata pa kuingia. Na mawe yake yalitoka baharini: aina ya tumbawe liitwalo Porites lilikatwa likiwa bichi, laini kiasi cha kuchongwa nakshi, kisha likaachwa likauke na kuwa gumu. Kwa hiyo mtu wa Lamu anayepanda matumbawe ukutani hafanyi jambo geni sana. Tofauti ni kwamba ya babu zake yalipandishwa ukutani yakafa, na haya yanapandishwa yaendelee kuishi.

Ukuta aliujenga juu ya meza ya kulia chakula, na dada yangu ana maoni yake kuhusu miezi ile. Alianza na bamba la plastiki. Juu yake akabandika vipande vya mwamba mkavu kwa gundi ya kukanda, ile ya sehemu mbili ambayo ukiichanganya kwa vidole inakuwa kama donge la unga wa chapati, halafu inageuka jiwe hata ndani ya maji. Kila kibaraza alikiinamisha kidogo mbele ili taka ziteleze zisikae. Kati ya vibaraza akaacha zidaka, kumi na moja, hazilingani. Nilimuuliza kwa nini hazilingani ilhali za kwao zilipangwa kwa uzi. Akasema fundi wa kule alijua atakayekaa kwenye zidaka ni sahani, na sahani haikui.

Bamba likakaa kwenye pipa la maji ya chumvi, lenye pampu, gizani, wiki nyingi, ili bakteria wajijenge kwenye matundu ya mawe kabla ya kiumbe mwingine yeyote kufika. Likaingia tangini. Halafu, kwa jicho langu, hakikutokea kitu. Ukuta ulivaa vumbi la kahawia. Vumbi likaondoka, yakaja majani ya kijani kama nywele, konokono wakayala. Karibu mwezi wa tano likatokea doa la zambarau, dogo kama ukucha wa mtoto. Ni mwani wa chokaa, unaojitandaza mgumu juu ya jiwe kama sakafu. Shemeji alinipigia simu ya video saa nne usiku kunionyesha doa lile. Kioo cha mbele hukikwangua kila baada ya siku mbili, lakini upande wa nyuma hajaukwangua tangu siku ile.

Kuna wakati watunzaji wa matangi ya maji chumvi huko Ulaya walipamba kwa mifupa tu ya matumbawe, iliyochovywa kwenye dawa ya klorini hadi ikawa nyeupe pe. Ilionekana kuwa tumbawe hai haliwezi kukaa nyumbani kwa mtu. Mwaka 1961 Lee Chin Eng wa Jakarta aliandika jinsi alivyolitunza kwa mawe hai, mwanga na viputo vya hewa, bila mitambo mikubwa. Katika miaka ya 1970 Peter Wilkens wa Uswisi akaonyesha kwamba hata mbali na bahari ya joto jambo hilo linawezekana. Leo bustani ya wanyama ya Burgers' Zoo, mjini Arnhem, ina mwamba hai ndani ya maji ya lita 750,000. Shemeji alinipeleka. Watu walipita na watoto wao wakionyeshana samaki, yeye akasimama kwenye kona moja, pale mwamba unapokutana na ukuta, hadi nikaenda kununua kahawa nikarudi nikamkuta pale pale.

Mche wa kwanza alipewa na mzee mmoja Mholanzi, kipande kisichozidi sarafu. Hapa ndipo nilipoanza kumheshimu, maana kumshikiza tumbawe laini ni kazi inayodhalilisha mikono ya haraka. Yale magumu hukatika kama tawi. Unapaka supagluu nzito, unagandamiza, yamekaa. Haya hayana mifupa ya jiwe. Hujisimamisha kwa maji yaliyomo mwilini na vijiti vya chokaa vidogo mno vilivyotawanyika kwenye nyama. Ukilikata kwa wembe linanyauka, linatoa ute, na gundi haishiki ute. Unaweza kulibandika asubuhi ukalikuta jioni linaelea karibu na mdomo wa pampu.

Kwa hiyo humbandiki yeye. Unabandika jiwe lake. Kipande kinalazwa kwanza kwenye kikombe chenye kokoto, kwenye maji yanayotembea polepole, kinafunikwa kwa kitambaa cha wavu mwembamba, nacho ni kile kile cha shela la bibi harusi. Shemeji aliomba mabaki kwa fundi cherehani, na fundi akampa hongera ya ndoa. Chini ya shela kipande hakiwezi kukimbia. Wiki ya pili au ya tatu kinakuwa kimeota unyayo na kushika kokoto kwa hiari yake. Sasa ndiyo kokoto inakwenda ukutani: inafutwa chini kwa karatasi, inapakwa gundi, inasukumwa kwenye kidaka na kuzungushwa robo ili gundi ivunje utando wa maji. Wale wa umbo la mwavuli, jamii ya Sarcophyton, kisigino chao ni kinene, hivyo huwachoma kijiti cha kuchokolea meno katikati ya kisigino na kukifunga kijiti kwenye jiwe kwa uzi. Inaonekana kama ukatili. Siku chache baadaye jeraha limefunga na kijiti kinachomolewa.

Nani akae wapi? Ramani hii ilimchukua muda kuliko ujenzi. Chini, kwenye kiza, aliweka Discosoma, visahani vya nyama vinavyochukia mwanga mkali. Juu kabisa hakuweka mwavuli, ingawa unapenda mwanga, kwa sababu mwavuli ukikomaa huwatupia kivuli wote walio chini yake; akaupeleka pembeni. Katikati akaweka Briareum, ambaye ni zulia la zambarau linalotambaa, na juu ya zulia huchomoza polipu za kijani zinazofunguka kama nyota, kila moja na minyiri minane kama ya pweza. Jamii ya Zoanthus, wenye rangi zinazotia wazimu wapenzi wengi, hakuna hata mmoja ukutani kwake. Baadhi yao wana sumu kali sana, na kazi ya ukutani ni ya wembe, uso ukiwa karibu na maji. Aliniambia hilo mara moja tu na akaendelea na kazi.

Sasa kuhusu subira. Mwavuli wake ulipohamishiwa ukutani ulijikunja. Siku ya tatu ngozi yake ikawa na utando unaong'aa kama nta. Siku ya kumi ulionekana kama kiatu kilichosahaulika mvuani. Mimi ningeutoa. Shemeji anasema hapo ndipo watu wengi hushindwa: humwona amefunga, wakamsogeza mahali pengine, naye akaanza kuzoea upya, wakamsogeza tena, mpaka akafa kwa kuhudumiwa. Yeye alifanya mambo mawili. Aligeuza pampu kidogo ili mkondo upite sambamba na ukuta usiupige usoni, na akaweka kiti. Kila jioni alikaa kwenye kiti hicho, kwenye alama ile ile ya sakafu, akapiga picha moja. Baada ya zaidi ya wiki mbili utando ule ulibanduka wote mara moja, ukachukuliwa na maji kama ngozi ya nyoka, na chini yake kulikuwa na ngozi mpya na polipu mamia zimesimama. Hivyo ndivyo viumbe hawa wanavyojisafisha. Hakuwa mgonjwa hata siku moja.

Niliziona zile picha zikipitishwa haraka kwenye simu, miaka mitatu kwa dakika moja. Zulia la Briareum linapanda kama maji ya bamvua yanavyopanda ngazi za gati, lakini bila kupwa. Ukizitazama moja moja, leo na jana, hutaona tofauti, na nadhani yeye pia haoni. Anapiga tu.

Kiumbe nimpendaye mimi ni Xenia, kwa sababu hana haya. Kila polipu ni kama kiganja kidogo kinachofumba na kufumbua, mamia kwa wakati mmoja, kila kimoja na mdundo wake. Kwa muda mrefu watu walijiuliza anahangaika nini, maana hiyo ni nguvu nyingi kwa mnyama asiyekwenda popote. Mwaka 2013 watafiti waliomchunguza ndugu yake wa Bahari ya Shamu, Heteroxenia, walionyesha kwamba kupiga kule kunasukuma maji yaliyojaa oksijeni mbali na mwili. Ndani ya nyama yake mnaishi mwani mdogo sana unaotengeneza chakula kwa mwanga, na oksijeni ikirundikana mwani ule hufanya kazi kwa shida. Anajipepea, kwa kifupi.

Wataalamu wa matumbawe magumu huyadharau haya. Huyaita magugu: yanaota kwenye maji yasiyo safi sana, yanatambaa juu ya wenzao, na mengine yanamwaga kemikali majini za kuwadumaza majirani. Yote ni kweli, na ndiyo maana shemeji hubadilisha makaa ya kuchujia kila mwezi na kubeba ndoo nne za maji ya chumvi kila Jumamosi, chumvi gramu 35 kwa lita, joto nyuzi 25. Lakini dharau ile siielewi. Mmea unaotaka kufa siku zote humfunza mtu uangalifu wa mgonjwa. Mmea unaotaka kutawala nyumba nzima humtaka mwenye nyumba awe na neno lake, na neno la shemeji liko kwenye mipaka. Kati ya ukuta na mawe ya mbele ameacha handaki la mchanga mtupu, upana wa kiganja, kwa sababu zulia halipendi kuvuka mchanga. Pembeni, kwenye kioo, kuna mstari ambao mimi siuoni na yeye anaujua.

Jumamosi iliyopita zulia lilikuwa limeuvuka. Alinyoosha mkono majini mpaka begani, akapitisha wembe chini ya ukingo, akalibandua taratibu kama mtu anayebandua stempu asiyotaka kuichana. Ukanda wa upana wa kidole ukatoka mzima. Akautia kwenye kopo la aiskrimu lenye maji ya tangi, akanipa. Kuna kijana wa Kigoma ghorofa ya chini, naye amejenga ukuta wake, bado mtupu.

"Mwambie amweke chini ya shela," akasema. "Na asimshikeshike, shemeji. Mwezi mzima."

Nilishuka ngazi nimelikumbatia kopo kwa mikono miwili. Kwenye kona, penye taa, nikainua kifuniko kidogo. Alikuwa amejikunja wote, hana hata nyota moja.